Neno «bilulu» na ukimya wa dola: Kolwezi, 1992–1993

Katika Kiswahili cha Katanga, kilulu ni mdudu, na wingi wake ni bilulu. Kiambishi bi- kinashika nafasi ya vi- ya Kiswahili sanifu. Ni neno la nyumbani, la mtu afagiaye jikoni. Katika miaka ya 1992 na 1993 neno hilo lilibandikwa watu: Wakasai, ambao wazee wao waliajiriwa na Union Minière katika enzi ya Wabelgiji, na ambao wengi wao walizaliwa papa hapa.

Njaa ilikuwa imetangulia. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, na shaba ya Gécamines, iliyozidi tani 400,000 kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1980, haikufika 60,000 mwaka 1993. Kisha ikaja siasa. Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa mjini Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, Mkasai, kuwa waziri mkuu badala ya Nguz Karl-i-Bond wa Katanga. Gavana wa Shaba, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, aliwaita Wakasai bilulu hadharani, na vijana wa chama cha UFERI wakatenda. Likasi ilitangulia, Machi 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Familia zilifukuzwa majumbani zikarundikana stesheni kungoja treni, na wengi, watoto hasa, walifia humo na njiani.

Je, dola ilikosa sheria? La. Amri-sheria nambari 66-342 ya tarehe 7 Juni 1966 inamwadhibu yeyote anayeonyesha au kuchochea chuki ya rangi au ya kabila, hata kwa maneno matupu. Mlevi akilitamka neno hilo sokoni, polisi mmoja anatosha. Lakini aliyelitamka alikuwa gavana, na Mobutu, aliyenufaika na upinzani kugawanyika, alimwacha kitini hadi 1995.

Mayahudi wa Rhodes waliojenga sinagogi Lubumbashi wangeutambua mtindo huu. Jamaa zao waliobaki kisiwani walipelekwa Auschwitz Julai 1944, baada ya miaka ya propaganda iliyowafananisha Mayahudi na panya na wadudu. Huko pia msemaji mkuu alikuwa serikali yenyewe. Ndiyo maana, kwa maoni yetu, kuongeza adhabu ni kazi nyepesi. Iliyo nzito ni kuwa na mwendesha mashtaka awezaye kumwita gavana angali madarakani. Mwaka 2007 Kyungu alichaguliwa kuwa spika wa bunge la jimbo la Katanga.