Kitabu cha Kuazimana: Riwaya ya Upelelezi ya Kiswahili na Wasomaji Wake, kutoka Unguja hadi Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilizaliwa Unguja mwishoni mwa miaka ya 1950, ikakua Dar es Salaam na Nairobi katika miaka ya 1960 na 1970, na katika kurasa zake ikafika Kinshasa kabla ya miaka ya 1980. Kwa muda mwingi wa maisha yake imekuwa na msambazaji mmoja wa kutegemewa: msomaji aliyekimaliza kitabu usiku na asubuhi akamtafuta mtu wa kumwazima, ili wapate kukizungumza. Ndiyo maana historia yake ina pande mbili, upande wa waandishi na upande wa watu waliopokezana vitabu, wakavisifu, wakavikosoa na kuvibishania.

Utanzu wenyewe ulitoka mbali. Hadithi ya Edgar Allan Poe iliyochapishwa Marekani mwaka 1841 huhesabiwa kuwa ya kwanza ya aina hii, na mwaka 1887 Arthur Conan Doyle wa Uingereza akamleta Sherlock Holmes. Lakini jambo linalomnasa msomaji, yaani fumbo lililofichwa mbele ya macho yake, Waswahili walikuwa nalo siku nyingi. Katika mchezo wa vitendawili mmoja hutega, wenzake hubahatisha, na wakishindwa anadai apewe mji kabla ya kulifumbua. Riwaya ya upelelezi ni kitendawili kirefu. Mwandishi hutega katika sura ya kwanza, humwachia msomaji dalili moja moja njiani, na mji huchukuliwa katika sura ya mwisho. Wasomaji wa Kiswahili hawakuhitaji kufundishwa kanuni za mchezo huo.

Bwana Msa wa Unguja

Mwanzilishi ni Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918. Alifanya kazi katika idara ya afya, kisha akaingia katika uandishi wa magazeti, na kwa miaka mingi alihariri jarida la Mkulima. Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957–58 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, shirika lililoanzishwa na serikali za kikoloni za Afrika Mashariki miaka kumi hivi kabla, lenye makao yake Nairobi. Kitabu kilitoka mwaka 1960. Vilifuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Abdulla alifariki mwaka 1991.

Shujaa wake, Bwana Msa, si askari wala hana cheo cha serikali. Ni mtu wa makamo, mvuta kiko, mwenye rafiki aitwaye Najum, na kazi yake kubwa ni kufikiri. Umbo lake linamkumbusha msomaji Sherlock Holmes, lakini makosa anayoyachunguza ni ya Unguja hasa: urithi wa mashamba, nasaba zilizofichwa, ndoa zenye siri, watumishi wanaojua zaidi ya wanayosema. Mzimu wa Watu wa Kale waonyesha jinsi Abdulla alivyoyaunganisha hayo. Bwana Ali, mtu mwenye mali, anakutwa amekufa mahali pa mizimu, na watu wa pale wana jibu tayari: mizimu imemchukua. Bwana Msa hawacheki wanaoamini hivyo. Anachofanya ni kuuliza nani alikuwa wapi, nani alimwona nani, na nani angenufaika na kifo kile. Hofu ya mizimu ilikuwa jambo la kweli kwa wasomaji wengi wa wakati ule, kwa hiyo fumbo lilikuwa na uzito usiopatikana katika hadithi ya London.

Simu, bastola na safari

Hatua ya pili ilikuwa Tanzania Bara. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, naye akalihamishia fumbo mjini, katika Dar es Salaam ya simu, magari na polisi, na mpelelezi wake, Inspekta Wingo, ni askari wa kazi. Kitabu hicho kilipendwa mno. Katika miaka ya 1970 waliongezeka wengine, wakiwamo John Simbamwene, Eddie Ganzel, Jumaa Mkabarah na Hammie Rajab, na hadithi za uhalifu zikawa miongoni mwa vitabu vya Kiswahili vilivyosomwa zaidi nje ya darasa.

Aristablus Elvis Musiba aliugeuza utanzu kuwa riwaya ya ujasusi. Kufa na Kupona (1974) ilimleta Willy Gamba, mpelelezi wa serikali anayetumwa nje ya nchi, ajuaye kupigana na kupenda maisha mazuri. Dunia yake ni ile ya harakati za ukombozi. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na katika riwaya za Musiba maadui ni mawakala wa makaburu na wasaliti wanaowauza wapigania uhuru. Kikosi cha Kisasi (1979) kinampeleka Willy hadi Kinshasa. Zikaja Njama (1981), Hofu (1988) na Uchu (2000). Musiba mwenyewe alikuwa mfanyabiashara, na aliwahi kukiongoza Chama cha Wafanyabiashara, Wenye Viwanda na Wakulima cha Tanzania.

Mwingine katika safu hii alitoka mkoa unaotazamana na Kongo. Ben Mtobwa alizaliwa mkoani Kigoma mwaka 1958 na kufariki mwaka 2008. Shujaa wake, Joram Kiango, ni mpelelezi wa kujitegemea, kijana mtanashati ambaye polisi humhitaji bila kumpenda sana. Lazima Ufe Joram, Salamu Kutoka Kuzimu, Najisikia Kuua Tena na Malaika wa Shetani zilimweka katika midomo ya vijana wa miaka ya 1980. Mtobwa aliingia pia katika uchapishaji, akaanzisha kampuni ya Heko, maana mashirika ya umma ya uchapishaji yalikuwa yamelemewa na uhaba wa karatasi na fedha.

Wahakiki wa vyuo vikuu waliziweka kazi hizi katika kundi la riwaya pendwa, wakazitenga na riwaya dhati. Lawama zao zilikuwa mbili: kwamba waandishi wanaiga mno Ian Fleming na James Hadley Chase, na kwamba vurugu na mapenzi vimechukua nafasi ya mawazo. Lawama hizo zina ukweli kwa baadhi ya vitabu. Lakini Musiba alizungumzia ukombozi wa kusini mwa Afrika kwa watu ambao wasingefungua kitabu cha siasa, na Abdulla ameacha nathari ambayo hata wahakiki wakali wanaisifu kwa utamu wa Kiswahili chake.

Upande wa magharibi wa ziwa

Kiswahili kilivuka Ziwa Tanganyika pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19 iliyotoka Ujiji. Mwaka 1858 Richard Burton na John Speke walivushwa kwa mitumbwi, wakapitia Ubwari, karibu na ilipo Baraka ya leo, wakaenda hadi Uvira. Lugha ilibaki na kuota mizizi. Leo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na huko Fizi, kwenye ufuko wa magharibi wa ziwa, kwa Wabembe, Wabwari na majirani zao, ndicho lugha ya soko, ya ibada na ya madarasa ya kwanza, kabla Kifaransa hakijashika nafasi shuleni.

Pwani hiyo yenyewe iliwahi kuwa uwanja wa mambo ambayo riwaya za ujasusi huyabuni. Aprili 1965, mwaka uleule wa Simu ya Kifo, Che Guevara na wenzake wa Kuba walivuka usiku kutoka Kigoma hadi Kibamba, katika eneo la Fizi, kuwasaidia waasi wa Kongo. Majina yao ya siri yalikuwa namba za Kiswahili, na yeye alikuwa Tatu. Walikaa miezi saba, kisha Novemba wakarudi Kigoma. Silaha, barua na watu vilipita ziwani gizani. Msomaji wa upande huo akikutana na Willy Gamba, njama za mipakani si mambo mageni kwake.

Kwa lugha, msomaji wa Fizi hupata urahisi na ugumu. Aliyekua akisema "mutoto", "muzuri" na "franga" hamfuati Abdulla bila kutoa jasho, kwa kuwa Bwana Msa na wenzake huzungumza Kiunguja kilichojaa misemo ya mji wao. Musiba na Mtobwa ni wepesi zaidi, sentensi zao ni fupi na Kiswahili chao ni cha redio na gazeti. Upo pia mkondo wa Kifaransa. Georges Simenon alifika Kongo mwaka 1932, na riwaya yake Le Blanc à lunettes (1937) imewekwa huko. Mwaka 1996 Achille Ngoye, mzaliwa wa Kongo, akawa Mwafrika wa kwanza kuchapishwa katika Série noire, mfululizo maarufu wa riwaya za uhalifu wa Paris, kwa kitabu chake Agence Black Bafoussa.

Mwaka huohuo wa 1996 vita viliwatoa watu wengi wa Fizi makwao. Walivuka hadi Kigoma, na wengi wakapokelewa katika kambi za Nyarugusu, wilayani Kasulu, na Lugufu. Watoto walizaliwa na kukua humo wakifuata masomo ya Kongo huku pande zote wakisikia Kiswahili cha Tanzania. Tangu Oktoba 2005 meli zilianza kuwarudisha waliotaka, kutoka Kigoma hadi bandari ya Baraka. Waliporudi, Kiswahili chao kilikuwa kimekaribia kile cha Musiba na Mtobwa.

Adabu ya kuazimana

Kitabu cha upelelezi kina adabu yake, nayo inajulikana popote vitabu ni vichache na wasomaji ni wengi. Mtu huanza kwa kusifu: "Hiki ukikishika hukiweki chini." Kisha huja masharti. Kirudi kwa siku fulani. Kisipelekwe kwa mtu wa tatu bila idhini, ingawa sharti hili ndilo livunjwalo zaidi. Na zaidi ya yote, aliyekwisha kusoma asimmalizie mwenzake uhondo. Kumtaja muuaji kwa mtu aliye katikati ya kitabu ni kosa ambalo halina fidia, kwa sababu kitendawili kilichofumbuliwa hakitegwi tena.

Nakala yenyewe hubeba historia hiyo. Gamba la asili hung'oka mapema, likabadilishwa na gazeti lililobandikwa kwa gundi. Kwenye ukurasa wa ndani huandikwa jina la mwenye kitabu, likakatwa, likaandikwa la pili, likakatwa nalo. Kona za kurasa hukunjwa na waliosoma kwa vipande, usiku, kwa mwanga wa koroboi. Hasara kubwa ni kurasa za mwisho kupotea. Nakala iliyokosa sura ya mwisho humlazimisha msomaji kumtafuta aliyeisoma ikiwa nzima, na hapo mwiko wa kumalizia uhondo huondolewa kwa ombi la msomaji mwenyewe.

Maoni nayo hugawanyika kwa namna inayotabirika. Wapenzi wa Bwana Msa husema mpelelezi wa kweli hutumia kichwa, na kwamba Abdulla huzionyesha dalili zote kabla ya kutoa jibu, hivyo msomaji hushindwa kwa haki. Wapenzi wa Willy Gamba hujibu kwamba wanataka mwendo, miji na hatari, na kwamba yeye hupigania bara zima wakati Bwana Msa anatatua ugomvi wa mashamba. Wa Joram Kiango husimama katikati: kijana wao ana akili na mikono, na hana serikali nyuma yake. Katika mabishano haya wasomaji wamefanya kazi ya uhakiki bila kuiita hivyo. Wamepima mantiki ya dalili, wamelinganisha waandishi, wamelaumu miisho ya harakaharaka.

Kutoka kitabu hadi simu

Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 kuliimaliza East African Literature Bureau, na pamoja nayo soko moja lililoziunganisha nchi tatu. Tangu miaka ya 1990 hadithi za uhalifu zilihamia kwa wingi katika magazeti ya burudani, zikitolewa kwa sehemu, na kila sehemu ikakatizwa mahali pabaya ili msomaji anunue toleo lijalo. Katika karne hii waandishi kama Hussein Tuwa, mtunzi wa Mkimbizi na Mtuhumiwa, wameirudishia riwaya ya kusisimua heshima ya kitabu kamili, na wengine huziuza hadithi zao sura kwa sura kwa njia ya simu.

Simu imepunguza tatizo la nakala moja kugombewa na watu wengi, kwa kuwa sura iliyotumwa humfikia aliye Unguja na aliye Baraka kwa wakati mmoja. Imeongeza tatizo la wizi wa kazi za waandishi, ambao hupoteza kipato kila sura inapotumwa bure. Desturi ya kupendekezeana haikubadilika. Hadithi bado humfikia msomaji mpya kupitia mtu anayemwamini, ambaye amekwisha kumjua mkosaji na amenyamaza.