Dampo lililogeuka bustani ya sanaa New York
Socrates Sculpture Park ni bustani ya umma iliyo kando ya East River, eneo la Queens, jijini New York, Marekani. Zamani palikuwa dampo, tena watu walikuwa wanatupa taka hapo bila kibali.

Mwaka 1986 mchongaji Mark di Suvero aliungana na wasanii wenzake na wakazi wa mtaa, wakapasafisha. Sanamu kubwa kubwa zikasimamishwa nje, kwenye majani, na wasanii wakapata nafasi ya kuziunda papo hapo, watu wakiona. Mpaka leo kuingia ni bure.

Shida ilikuwa ardhi. Jiji lilikuwa limewapa ruhusa ya muda tu, na mwekezaji mmoja akapataka ajenge nyumba za kifahari na gati la boti. Mwaka 1998 jiji likapatambua rasmi kuwa bustani ya umma, mpango wa mwekezaji ukafa.

Kikundi chochote kinachotaka kugeuza kiwanja cha mtaa kuwa bustani ya sanaa kina funzo hapo: kufyeka na kuweka sanamu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni karatasi za ardhi.