Magae Yenye Kazi: Imani, Matumaini na Mapendo katika Vigae vya Barcelona

Barabara iitwayo Avinguda de Gaudí, mjini Barcelona, ni fupi; hata mwenye kutembea pole pole huimaliza kabla ya kuchoka. Upande mmoja ipo Sagrada Família, upande wa pili ipo hospitali ya zamani ya Sant Pau. Majengo haya mawili ni ya zama moja, yote yamevishwa kauri za rangi, na yote yanazitaja waziwazi zile fadhila tatu za Kimungu ambazo kila mtoto wa katekisimu huzikariri: Imani, Matumaini na Mapendo. Kanisani zimepewa milango mitatu ya upande wa Kuzaliwa kwa Yesu: Matumaini kushoto, Imani kulia, na Mapendo katikati, mlango mkubwa kuliko yote. Hospitalini alizichonga Pablo Gargallo, zikasimamishwa mbele ya jengo la utawala pamoja na sanamu ya nne, ya Kazi. Hiyo ya nne haimo katika orodha ya katekisimu, lakini bila hiyo sidhani kama tutazielewa zile tatu. Mgeni huambiwa azitafute fadhila katika sanamu na alama. Hoja yangu ni kwamba katika mji huu vigae vilizieleza vizuri zaidi, na vilizieleza kwa shughuli vilizopewa: kuokoa kilichotupwa, kumkalisha aliyechoka, kumkinga mgonjwa na uchafu.

Mtindo wenyewe unaitwa trencadís, nao ni nakshi ya vigae vilivyovunjwa. Kupamba kuta kwa vipande vya rangi ni jambo la kale. Warumi walitandika sakafu zao kwa vijiwe vidogo, na mafundi Waislamu wa Hispania walifikia kilele chake katika kuta za Alhambra, ambako kila kipande kilichongwa kikae na mwenzake bila kuacha mwanya. Trencadís ilikwenda kinyume. Fundi hushika kigae, hukigonga kwa nyundo ndogo, huchagua vipande vinavyokaribiana, huvibandika kwenye saruji ambayo bado ni mbichi, uso wenye mng'aro ukiwa nje, kisha huziba nyufa na kufuta uso kwa kitambaa chenye maji. Nyufa hazifichwi. Antoni Gaudí alianza kuutumia mtindo huu katika banda na lango la shamba la tajiri Eusebi Güell kati ya 1884 na 1887, kisha akauhamishia kwenye mabomba ya moshi ya jumba la tajiri huyohuyo. Wasomaji wa Pwani watakumbuka makaburi ya nguzo ya Kunduchi na Kaole, au kuba la msikiti mdogo wa Kilwa Kisiwani, ambako kauri za ng'ambo zilipachikwa ukutani. Tofauti ni kwamba kwetu bakuli lilipachikwa zima, na thamani yake ilikuwa sehemu ya heshima. Kule kilichopachikwa ni gae.

Lipo elezo linalorudiwa mara kwa mara kuhusu Park Güell, bustani ambayo Gaudí aliijenga kati ya 1900 na 1914. Husemwa kwamba rangi za kijani, bluu na njano zinazotawala benchi lake refu zinawakilisha zile fadhila tatu. Elezo hilo linapendeza, na linamrahisishia kazi mwenye kuongoza watalii, lakini mimi silitegemei. Katika sanaa ya Kikatoliki rangi za fadhila hizi zilizozoeleka ni nyeupe kwa Imani, kijani kwa Matumaini na nyekundu kwa Mapendo. Hata Dante aliwaleta wanawake watatu wa rangi hizo katika shairi lake la Toharani. Gaudí alikuwa mtu wa Misa kila siku, akiijua liturujia kama kiganja chake. Kama angetaka kuandika fadhila kwa rangi, angeshindwaje kutumia zile ambazo kila padri angezitambua? Isitoshe, ukilikaribia benchi lenyewe unakuta nyeupe nyingi, kahawia, maua ya sahani, vipande vya zambarau, na mistari ambayo mfululizo wake ulikatika pale nyundo ilipopita. Rangi za magae ni zile zilizopatikana. Asomaye ramani ya siri humo, ameileta mwenyewe.

Tuliache basi suala la rangi, tutazame benchi linafanya nini. Lina urefu wa zaidi ya mita mia moja, linajipinda kama nyoka kuuzunguka uwanja, na mgongo wake ndio ukuta unaomzuia mtu asidondoke. Uwanja unabebwa na nguzo 86 za ukumbi uliokusudiwa kuwa soko. Mvua ikinyesha, maji huchujwa na udongo wa uwanja, hushuka ndani ya nguzo na kukusanyika katika tangi lililo chini. Aliyeandamana na Gaudí katika nakshi hizi ni Josep Maria Jujol, aliyezaliwa 1879, kijana mcha Mungu mwenye jicho la rangi ambalo bwana wake alilitegemea kabisa. Jujol alijaza dari la ukumbi kwa miviringo mikubwa ya jua, akatumia vipande vya sahani na vitako vya chupa. Na katika benchi alichora maneno ya kumwomba Bikira Maria, mengine kwa Kilatini na mengine kwa Kikatalani, madogo, yaliyofichwa kiasi kwamba watu waliyakalia miaka mingi bila kuyasoma. Hapo ndipo naiona Imani kuliko katika rangi yoyote. Fundi aliandika sala mahali ambapo hakuna wa kumsifu kwa kuiandika, kisha akaiacha itumike kama kiti.

Lakini ushahidi wenye nguvu zaidi uko hospitalini, na nashangaa kwamba wageni wengi hawafiki huko. Barcelona ilikuwa na hospitali ya maskini tangu 1401, Santa Creu, katikati ya mji wa kale. Kufikia mwisho wa karne ya 19 ilikuwa imebanwa na nyumba pande zote na imejaa kupita kiasi, na moto wa 1887 ukazidisha haja ya kujenga mpya. Mwenye benki Pau Gil, aliyefariki Paris mwaka 1896, aliacha wosia wa fedha za kujenga hospitali kwa jina la Mtakatifu Paulo. Jiwe la msingi likawekwa Januari 1902, na msanifu akawa Lluís Domènech i Montaner. Aliweka wodi katika mabanda yaliyotengana ndani ya bustani, akayageuza yakae mshazari na mitaa ya jirani ili yapate jua na hewa, akayaunganisha kwa njia za chini ya ardhi wagonjwa wapite bila kunyeshewa. Kisha akavifunika kwa kauri vitu ambavyo wakati huo hospitali nyingi za maskini ziliridhika kuvipaka chokaa: kuta, dari, kuba, mapaa.

Tukumbuke hali ya udaktari wa siku zile. Penisilini haikugunduliwa hadi 1928, na ilikawia kuwafikia wagonjwa. Kinga ya wodi ilikuwa hewa, mwanga, sabuni na maji. Ukuta wa chokaa hunywa damu na makohozi. Kigae chenye mng'aro hakinywi kitu, hufutwa asubuhi kikawa kama jana. Hadi hapo hiyo ni busara ya mhandisi tu. Domènech angeweza kununua vigae vyeupe tupu, vya bei nafuu, na wodi ingekuwa safi vilevile. Alichofanya ni kumfikiria mtu aliyelala chali, ambaye kwa wiki nzima anachokiona ni dari, akamwekea dari la rangi nyororo, lenye maua na mistari. Nje, Mario Maragliano, Mtaliano wa Genoa, alitengeneza picha za mozaiki zinazosimulia historia ya hospitali. Kwa hiyo anayeuliza Mapendo yamechorwa wapi Sant Pau anaweza kuoneshwa sanamu ya Gargallo, lakini mimi ningempeleka akalale kwenye kitanda cha wodi.

Mpinzani atacheka: kama ni hivyo, basi hata choo chenye vigae ni tendo la huruma. Si hivyo, na mabomba ya moshi ya jumba la Güell yanalithibitisha hilo. Mtindo ni uleule na ustadi ni uleule, lakini pale magae yanapamba paa la tajiri ambalo mpita njia halioni. Kigae chenyewe hakina fadhila. Kinachotofautisha ni nani aliyekusudiwa, na kama uzuri uliozoeleka kwa wachache umepelekwa kwa asiyeweza kuulipia. Mwingine atasema trencadís ilizaliwa kwa sababu uso uliopinda haufunikiki kwa kigae kizima, na kwa sababu mabaki ya kiwandani yalikuwa ya bei ndogo. Gaudí aliokota ulazima, wafuasi wake wakaubatiza. Sehemu ya hilo ni kweli, na inasimuliwa pia kwamba vigae vipya vilivunjwa makusudi pale mabaki yalipopungua. Lakini ulazima unaeleza kwa nini vilivunjwa, hauelezi kwa nini nyufa ziliachwa wazi wala kwa nini kitako cha chupa kiliwekwa katikati ya jua. Fundi aliyebanwa na ulazima tu huuficha. Huyu aliuonesha.

Pingamizi zito kuliko yote ni la fedha. Eusebi Güell alirithi mali ambayo baba yake, Joan, aliichuma mwanzo huko Cuba, na akamwoa binti wa Antonio López, Markizi wa Comillas, mtu anayetajwa katika historia kwa kujitajirisha na biashara ya watumwa kisiwani humo. Mwaka 2018 mji wa Barcelona uliiondoa sanamu ya López uwanjani. Msomaji wa Unguja au Bagamoyo hahitaji kuelezwa maana ya mali ya namna hiyo. Je, magae yaliyolipiwa na ukoo huo yanaweza kusema habari za Mapendo? Jibu langu ni kwamba hayamtakasi mlipaji, na asiyaombe kazi hiyo. Park Güell yenyewe haikuanza kama sadaka: ilikusudiwa kuwa mtaa wa matajiri wenye viwanja 60, mradi ukafeli, zikajengwa nyumba mbili tu, na mji ulipoinunua ndipo ikafunguliwa kuwa bustani ya watu wote mwaka 1926. Benchi la wenye nacho likawa la yeyote kwa sababu ya biashara iliyokufa. Na Sant Pau nayo ina lake: herufi P na G za mfadhili zimetapakaa kutani mithili ya chapa ya duka, wakati Injili inasema mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia. Kwa hiyo sitetei moyo wa Güell wala wa Gil. Ninachotetea ni kwamba mgonjwa aliyelala chini ya dari lile alipata alichopewa, herufi ziwepo zisiwepo.

Kanisa ndilo linaloipa hoja yangu shida. Minara ya upande wa Kuzaliwa ina urefu wa karibu mita mia, na vilele vyake vimefunikwa mozaiki ya vioo vya Venice inayometameta juu ya mji. Haimkalishi mtu wala haizuii ugonjwa. Juu ya mlango wa Mapendo umesimama mberoshi wa kauri ya kijani wenye njiwa weupe, nao ni alama tupu. Nakubali. Hata hivyo ukweli wa uhandisi upo hata huko: rangi ya kawaida ingebabuka kwa jua na upepo wa bahari, na nani angepanda kuipaka tena? Gaudí aliushika mradi huo 1883, akiujenga kwa michango ya waumini, akijua hatauona ukiisha. Mnara mmoja tu, wa Barnaba, ndio aliouona umekamilika, mwaka 1925. Mwaka uliofuata aligongwa na tramu, akadhaniwa fukara kwa mavazi yake, akapelekwa Santa Creu na kufia huko, katika hospitali ya maskini ambayo Sant Pau ilikuwa inajengwa kuchukua nafasi yake. Kuchagua kitu kisichochuja kwa ajili ya jengo ambalo hutalimaliza ni Matumaini ya aina yake, ingawa nakiri ni ushahidi mwembamba kuliko ule wa wodi.

Siku hizi hesabu imebadilika. Tangu 2013 sehemu ya Park Güell yenye benchi huingiwa kwa tiketi, isipokuwa kwa wakazi waliojiandikisha. Wagonjwa wa Sant Pau walihamishiwa majengo mapya ya jirani mwaka 2009, na mabanda ya zamani sasa yanatembelewa kama makumbusho, nayo kwa kiingilio. Vigae vimesafishwa na kukarabatiwa vizuri, pengine vinang'aa kuliko vilivyong'aa miaka mingi iliyopita, na picha zake zimeenea dunia nzima. Anayevitazama leo anaweza kuandika kurasa nyingi kuhusu rangi na alama, kwa sababu hakuna tena mgonjwa kitandani wa kumuuliza dari lile lilikuwa la nini.