Mazoezi na madini ya damu: Kwa nini mwanamichezo hupungukiwa chuma?

WATU wengi wa mijini siku hizi hufanya mazoezi ya viungo. Wengine hukimbia alfajiri kabla ya kwenda kazini, na wengine hujiandaa kwa mbio ndefu. Faida zake kwa moyo, shinikizo la damu na kisukari zinajulikana.

Hata hivyo, wapo wanaoanza mazoezi kwa ari kubwa na baada ya miezi michache hujikuta wakichoka kuliko mwanzo. Pumzi huwa fupi, miguu huwa mizito na muda wa kumaliza mbio huongezeka badala ya kupungua. Miongoni mwa mambo yanayoweza kusababisha hali hiyo ni mabadiliko ya madini yanayohitajika mwilini kwa kiasi kidogo, hasa chuma, zinki, shaba na seleniamu.

Chuma ndiyo madini yaliyochunguzwa zaidi. Mwili wa mtu mzima una takribani gramu 3 hadi 4 za chuma, na karibu theluthi mbili zimo katika hemoglobini, yaani kiini cha chembe nyekundu za damu kinachobeba hewa ya oksijeni kutoka mapafuni kwenda kwenye misuli. Sehemu ya akiba huhifadhiwa katika ini, wengu na uboho wa mifupa, ndani ya protini iitwayo feritini.

Njia za upotevu

Mazoezi hupunguza chuma kwa njia kadhaa. Kiasi kidogo hutoka kwa jasho. Kiasi kingine hupotea kupitia matumbo, kwani wakati wa mbio ndefu damu nyingi huelekezwa kwenye misuli, na utumbo unaokosa damu ya kutosha huweza kuvuja damu kidogo isiyoonekana kwa macho.

Njia nyingine ni kupasuka kwa chembe nyekundu za damu kutokana na unyayo kugonga ardhi mara kwa mara. Jambo hili si geni kwa waganga: mwaka 1881 daktari wa Ujerumani aitwaye Fleischer alieleza habari za askari kijana ambaye mkojo wake ulibadilika na kuwa mwekundu baada ya kutembea mwendo mrefu wa kijeshi.

Njia ya nne imefahamika katika karne hii. Ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo kazi yake ni kuzuia chuma kisiingie kwa wingi katika damu. Baada ya mazoezi makali homoni hiyo huongezeka, na kwa kawaida hufikia kilele saa 3 hadi 6 baadaye. Chakula chenye chuma kinacholiwa katika saa hizo hunyonywa kwa kiwango kidogo, hata kama ni chakula bora.

Wanawake wamo katika hatari zaidi, kwa kuwa hupoteza damu kila mwezi. Mapendekezo yanayotumika Marekani tangu mwaka 2001 yanataka mwanamke aliye katika umri wa kuzaa apate miligramu 18 za chuma kwa siku, ilhali mwanamume mzima anahitaji miligramu 8. Katika nchi zetu, minyoo ya safura, kichocho na malaria huongeza mzigo huo.

Si kila upungufu ni ugonjwa

Msomaji afahamu pia kwamba damu ya mwanamichezo inaweza kuonekana pungufu bila kuwa hivyo. Mtu anayefanya mazoezi ya mara kwa mara huongeza majimaji ya damu, yaitwayo plazma, kwa kiasi cha asilimia 10 hadi 20. Chembe nyekundu zikiwa zilezile ndani ya maji mengi zaidi, kipimo cha hemoglobini hushuka. Huo si ugonjwa. Ni mwili kuzoea kazi, na damu nyepesi husukumwa na moyo kwa urahisi zaidi.

Kwa sababu hiyo, kipimo cha hemoglobini peke yake hakitoshi. Shirika la Afya Duniani (WHO) huhesabu kuwa mtu ana upungufu wa damu iwapo hemoglobini yake ni chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume, na 12 kwa mwanamke asiye mjamzito. Viwango hivyo hurekebishwa kwa wakazi wa nyanda za juu.

Kipimo cha feritini huonyesha akiba. Kwa mtu mzima mwenye afya, kiwango kilicho chini ya maikrogramu 15 kwa lita ni dalili kwamba akiba imekwisha, hata kama hemoglobini bado ni ya kawaida. Lakini feritini hupanda mtu anapokuwa na maambukizi au anapotoka katika mazoezi makali. Basi ni vema kupima asubuhi, baada ya kupumzika siku nzima, na si wakati wa homa.

Zinki, shaba na seleniamu

Zinki husaidia kinga ya mwili na kuponya vidonda. Mara baada ya mazoezi makali kiwango chake katika damu hupanda, kisha hushuka saa kadhaa baadaye, huku kiasi fulani kikipotea kwa mkojo na jasho. Kwa kuwa sehemu kubwa ya zinki imo ndani ya misuli na mifupa, na kiasi kidogo mno ndicho kilichomo katika plazma, kipimo kimoja cha damu hakiwezi kutoa picha kamili.

Shaba husaidia mwili kutumia chuma. Seleniamu ni sehemu ya vimeng'enya vinavyokinga chembe za mwili dhidi ya sumu zinazozalishwa misuli inapofanya kazi nyingi.

Vidonge si peremende

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kukimbilia duka la dawa na kununua vidonge bila kupima. Chuma kikizidi huumiza ini na moyo. Mgonjwa wa selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi huwa tayari ana chuma cha ziada. Zinki nyingi nayo huzuia shaba isinyonywe, na hivyo kuleta upungufu mwingine.

Utafiti uliofanyika kisiwani Pemba na kuchapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet ni funzo zito. Watoto wadogo waliopewa chuma na asidi ya foliki kwa jumla, katika eneo lenye malaria nyingi, waliugua sana na kufariki zaidi kuliko wasiopewa. Ingawa hao walikuwa watoto na si wanariadha, funzo ni kwamba chuma ni dawa yenye kipimo chake.

Chakula ndiyo njia ya kwanza. Maini, nyama nyekundu na dagaa hutoa chuma kinachonyonywa kwa urahisi. Maharage, choroko na mboga za majani zinacho pia, lakini hunyonywa vizuri zaidi zikiliwa pamoja na chungwa, pera au maji ya ndimu. Chai na kahawa huzuia unyonyaji huo, hivyo zinywewe saa moja au zaidi kabla au baada ya mlo. Kuloweka maharage na kuchachusha unga wa uji hupunguza viambato vinavyofunga chuma na zinki. Mbegu za maboga, nyama na chaza zina zinki, na korosho zina shaba.

Mwanamichezo ambaye uchovu wake hauishi kwa kupumzika hana budi kumwona daktari, apimwe hemoglobini, feritini na choo, na ndipo aamuliwe dawa. Wala asiache mazoezi kwa hofu: kwa watu wengi wanaofanya mazoezi ya wastani na kula mlo kamili, madini haya hujitosheleza.