Mzazi na Huzuni Yake: Waliyoyajua Waliotutangulia

Sifa njema zote ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake.

Mafakihi wameeleza kwa upana hukumu za nifasi. Kwa Imamu Shafi (r.a.) ukomo wake ni siku 60, na ghalibu yake ni 40, Imamu Abu Hanifa na Imamu Ahmad (r.a.) wamesimama kwenye 40. Lakini hesabu hiyo ni ya damu, si ya huzuni. Mzazi aweza kutoka arobaini, akaoga na akaswali, na moyo wake ungali gizani: halali hata mtoto akilala, hali, wala hana raha na mwanawe. Machozi ya siku za mwanzo ni jambo la kawaida. Yakipita wiki mbili huenda ikawa sonona, na hayo ni maradhi.

Wapo wanaokimbilia kusema ana jini, au imani yake ni haba. Waliotutangulia hawakuishia hapo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934), katika kitabu chake Masalih al-Abdan wal-Anfus aliyapa maradhi ya nafsi sehemu yake mbali na ya mwili. Akapambanua huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana sababu yake, ambayo asili yake aliiona mwilini. Na hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa mwaka 683 Hijria (1284), ilitibu wanaume na wanawake, wagonjwa wa akili wakiwemo.

Katika zama zetu, tabibu Mwingereza John Cox aliwachunguza wazazi wa Uganda miaka ya 1970. Aliwakuta Waganda wana jina lao la wazimu wa uzazi, amakiro. Mwaka 1987 yeye na wenzake wawili walitoa kipimo cha Edinburgh: maswali 10 juu ya hali ya mzazi katika siku 7 zilizopita, alama zake zisizidi 30. Swali la mwisho ni la kutaka kujidhuru. Akikiri hilo, hushughulikiwa papo hapo, hata jumla yake ikiwa ndogo. Kipimo hiki si hukumu. Humwonyesha tu anayestahiki kutazamwa na tabibu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa wazazi 13 katika kila 100 hupatwa na maradhi ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea hukaribia 20.

Je, sheria inapinga? La. Mafakihi hutegemea kauli ya tabibu mwaminifu hata katika ruhusa ya mgonjwa kula Ramadhani. Na tuzingatie Surat Maryam, aya 23 hadi 26: Bibi Maryam (a.s.), uchungu ulipomshika, alitamani lau angekufa kabla yake. Hakukemewa. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa maji na tende.

Basi, enyi maimamu, mume akija kulalamika kuwa mkewe amebadilika tangu ajifungue, msimjibu kwa kisomo peke yake. Msomeeni, kisha mwambieni ampeleke kliniki aulizwe. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sheria, na hapa nafsi ni mbili.

Wallahu a'lam.