Miamba ya Kakamega na bamba lililozama

Kusini mwa Lumakanda, kuuzunguka mji wa Kakamega, ipo miamba ya volkeno yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Ndiyo iliyowavuta wachimba dhahabu mwaka 1931. Miamba ya jamii hiyo huonekana pia Migori na, ng'ambo ya mpaka, Musoma.

Mwaka 2007 Shukrani Manya na wenzake walichapisha uchunguzi wa kemia ya zaha ya Musoma-Mara. Ina upungufu wa madini ya niobi, kama zaha ya Japani, ambako sakafu ya bahari huzama na maji yake huyeyusha miamba ya juu; niobi haichukuliki kirahisi na maji hayo. Walilitaja bamba lililozama kwa tahadhari, na ilifaa: wapo wanaoshikilia kwamba ardhi ya enzi hiyo ilikuwa moto mno, ukoko mzito ukididimia na kuyeyuka wenyewe.