Seva ilipoamini namba

Kwa seva ya Unix hakuna Asha wala Juma. Kuna 1001 na 1002. Majina tunayoyaona kwenye skrini husomwa tu kutoka faili la /etc/passwd; kinachoandikwa kwenye diski kuonyesha mwenye faili ni namba. Enzi za kompyuta moja, wote wakiwa kwenye terminali zake, utaratibu huo haukumsumbua mtu.

Mwaka 1985 Sun Microsystems ya California ikatoa NFS, na kompyuta nyingi zikaanza kutumia diski ya seva moja. Kompyuta ya mtumiaji ilituma namba, seva ikaiamini. Kama 1001 ni Asha huku na Juma kule, basi Juma alisoma faili za Asha bila kuvunja kufuli lolote. Aliyewekewa kizuizi ni msimamizi mkuu, mwenye namba 0: ombi lake liligeuzwa kuwa la nobody, mtumiaji asiye na mamlaka. Waliobaki ilibidi wapangiwe namba zilezile kwenye kila mashine.

Dawa ya Sun ilikuwa Yellow Pages, orodha moja iliyosomwa na mashine zote. Ikabidi iitwe NIS, maana jina la kwanza lilikuwa alama ya biashara ya British Telecom nchini Uingereza. Amri zake bado zinaanza na yp. Udhaifu wake ulikuwa mkubwa: ypcat passwd ilimwaga orodha nzima, pamoja na nywila zilizosimbwa, na mwenye subira alizitegua kwa wakati wake.

Njia nyingine ya kuweka orodha moja ni LDAP, itifaki ya saraka iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1993, kwa kazi ya Tim Howes na wenzake waliochoshwa na uzito wa kiwango cha saraka cha X.500. Mwaka 1998 Luke Howard akaandika waraka wa RFC 2307, na namba ya Unix ikapata nafasi rasmi ndani ya saraka: uidNumber.

Windows NT nayo ilikuwa na utambulisho wake, SID, mrefu kuliko namba yoyote ya Unix. Samba, programu ya kuziwezesha Unix na Windows kushirikiana faili, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell huko Canberra, ililazimika kupatanisha pande hizo mbili. Programu yake ya winbind mwanzoni iligawa namba kwa foleni: anayetangulia kuingia hupewa ya kwanza. Seva mbili, foleni mbili. Mtu yuleyule akawa na namba tofauti, na faili zikihamishwa zinabadili mmiliki. Baadaye ikawezekana kukokotoa namba kutoka mkia wa SID. Kwa maoni yangu hapo ndipo palipotumika akili kuliko kwingine kote: hakuna cha kuhifadhi, na kila seva ikiwekewa mipangilio ileile hupata jibu lilelile.

NFS toleo la 4 liliruhusu kutuma jina na domeini badala ya namba. Hata hivyo, bila Kerberos, mfumo wa kuthibitisha utambulisho, ruhusa ya kusoma faili huendelea kuamuliwa kwa namba inayotumwa na kompyuta ya mtumiaji. Na domeini zisipolingana, ls -l huonyesha kila faili ni la nobody. Fundi mzoefu hufungua /etc/idmapd.conf, ambamo domeini huandikwa, kabla ya kugusa diski.